Tuchangie Fundi Kama Tunavyochangia Mlinzi

Wenzangu wenye maduka ya vipuri, famasi, saluni, zahanati ndogo na vibanda vya stesheneri, nianze na jambo ambalo tayari tunaliweza. Mitaa yetu mingi ya biashara ina mlinzi wa usiku anayelipwa kwa mchango. Kila duka linatoa chake mwisho wa mwezi, mmoja wetu anakusanya, na mwenye kibanda analindwa sawasawa na mwenye ghorofa. Hatukusubiri mtaji ukue ndipo tulinde mali. Lakini kompyuta iliyomo ndani ya duka hilohilo, yenye orodha ya mzigo, madeni ya wateja na hesabu za kodi, tumemwachia "yule kijana wa kompyuta", ambaye wiki hii yuko Mwanza na wiki ijayo simu yake haipatikani.

Ombi langu ni hili: maduka matano, au kumi, ya mtaa mmoja yachangie fundi kompyuta mmoja anayejulikana jina na anakoishi, apite kila duka walau mara moja kwa mwezi hata kama hakuna kilichoharibika. Hasa kama hakuna kilichoharibika. Nitarudi kwenye mapatano ya namna hiyo, maana yana magumu yake. Kwanza tuone kwa nini jambo hili halingoji, na kipi tunaweza kukifanya wenyewe kabla fundi hajafika.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10, ambayo bado imejaa madukani kwetu. Asubuhi iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida, Ekseli ikafunguka, ankara zikachapwa, na hapo ndipo penye mtego. Kilichokoma hakionekani kwa macho: masasisho ya bure ya kila mwezi yanayoziba matundu ya usalama. Matundu mapya yataendelea kugunduliwa na wezi wataendelea kuyafuatilia, ila kompyuta yako haizibwi tena. Biashara inayotaka inaweza kununua masasisho ya nyongeza kwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inakuwa mara mbili kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Kwa duka dogo hiyo ni pesa ya kununulia muda wa kujipanga, basi.

Anayedhani haya ni maneno ya wauza kompyuta akumbuke Mei 2017. Ijumaa ya tarehe 12 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai dola 300 za bitcoin ili kuyafungua. Katika siku chache kilishafika nchi zaidi ya 150 na kompyuta zaidi ya 200,000, na hospitali za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Sasisho la kuziba tundu lile lilikuwa limetolewa tangu tarehe 14 Machi. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuliweka.

Huku kwetu kuna sababu yetu wenyewe ya kutosasisha: Windows isiyolipiwa. Fundi anakupigia Windows kwa bei poa, na ili leseni ile ya bandia isije ikagundulika, anazima masasisho yote kabla hajaondoka. Mwenye duka anafurahi kwamba mashine haimsumbui tena na ujumbe wa kusubiri. Isitoshe, vile vijiprogramu vya kuvunjia leseni mara nyingi huja na virusi vyake ndani. Ukiniuliza, katika mambo yote ya kompyuta madukani, hili ndilo ningelikomesha kwanza.

Kujua ulipo ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe cha Windows, andika winver, bonyeza Enter. Kisanduku kitakachofunguka kitakuambia unatumia Windows ipi. Kisha nenda Settings, System, About, usome jina la prosesa. Kwa kompyuta za Intel, Windows 11 inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye, ramu ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. (Hizo GB 4 ni za kwenye karatasi, mtu anayefanya kazi siku nzima atafute 8.) Kizazi kinasomeka kwenye namba: i5-7200U ni cha saba, haimo, i5-8250U ni cha nane, inapita, i5-10210U ni cha kumi. Andika namba hizo kwenye karatasi kabla hujaenda Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walioko Nairobi. Muuzaji akikwambia "hii ni i5 bosi, mashine kali", muulize i5 ya ngapi. Ofisi za nje zinazotupa kompyuta zao sasa hivi zinatupa hasa zile zisizokidhi masharti hayo, na tunajua zinatupwa wapi. Bei ikiwa rahisi mno, soma namba mara mbili.

Hata hivyo, usianze na kununua. Anza na kuuliza nani anamiliki nini. Baruapepe ya duka ilifunguliwa kwa namba ya simu ya nani? Ukurasa wa Instagram unafunguliwa na nani? Akaunti ya programu ya mauzo ina jina la duka au la fundi aliyeiweka? Namba ya WhatsApp ambayo wateja wote wanayo iko kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za dada wa kaunta, kwa sababu siku ya kuisajili mama mwenye duka alikuwa safarini. Dada akiolewa Tabora, laini inaondoka naye kihalali kabisa, pamoja na wateja wa miaka mitano. Hakuna aliyeiba. Ndivyo tulivyopanga.

Kwa hiyo nunua kaunta buku moja, liandikwe jina la duka, likae kwenye droo inayofungwa. Ndani yake orodhesha kila kifaa: kimenunuliwa lini, wapi, kina programu gani, leseni inaisha lini. Orodhesha kila akaunti na namba ya simu au baruapepe inayotumika kuirudisha ikipotea. Namba ya mteja ya kampuni ya intaneti iwemo pia, maana huwa inatafutwa siku mtandao umekatika na risiti haionekani. Nywila zenyewe zisiandikwe humo. Ziweke kwenye bahasha iliyofungwa, nyumbani, kwa mtu unayemwamini na hesabu zako. Fungua uthibitisho wa hatua mbili kwenye baruapepe ya duka leo hii, kwa laini iliyo kwa jina lako, kwa sababu mwenye baruapepe hiyo anaweza kubadilisha nywila za vingine vyote. Na kila fundi au mfanyakazi anapoondoka, hata kama mmeagana kwa chai na maandazi, nywila zote alizozijua zibadilishwe siku hiyohiyo. Akiuliza, mwambie ndio utaratibu wa duka. Atakayekasirika na utaratibu huo amekuonyesha kitu.

La pili ambalo ni letu wenyewe ni nakala. Watu wa kazi hii wana kanuni nyepesi: nakala tatu za data muhimu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja iwe nje ya jengo. Kwa duka maana yake ni faili lililo kwenye kompyuta, nakala kwenye diski ya nje, na nyingine mtandaoni au nyumbani. Tunapokosea ni kwenye vitu vidogo. Diski ya nje inayobaki imechomekwa usiku kucha haikulindi sana. Kirusi kinachofunga mafaili kinafunga na yaliyomo humo, na mwizi anayebeba kompyuta ataibeba na diski hiyo pamoja na waya wake. Ichomoe, ondoka nayo. Folda ya Google Drive inayojioanisha yenyewe nayo ina tabia yake: ukifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na mtandaoni, na kwenye pipa la taka linakaa siku 30 tu. Mtu akigundua Novemba kwamba hesabu zilifutwa Agosti, atapiga magoti bure. Na flashi ya TB 2 inayouzwa bei ya chipsi kuku ni ya bandia. Inapokea mafaili, inaonyesha yamo, kisha hayafunguki.

Ndiyo maana nakala haijawa nakala mpaka umeifungua. Jumamosi jioni, baada ya kufunga hesabu, chukua ile diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, ya jirani hata, kama mnaaminiana. Fungua faili la mauzo. Shuka mpaka mstari wa mwisho. Ukiona mauzo ya jana yako pale, ile pakiti ya mwisho ya panadol na chenji yake, una nakala. Ukikuta inaishia mwezi wa tatu, umeokoka kabla ya msiba. Irekebishe usiku huohuo. Kama hesabu zako zimo ndani ya programu ya mauzo yenye hifadhi yake, mwombe aliyekuuzia akuonyeshe kwa vitendo, mbele yako, jinsi ya kuzirudisha kwenye kompyuta tupu.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze kununua, na hapa nitapita haraka kwa sababu kuna maduka mengi ya kukushauri. Kompyuta inayochukua dakika tano kuwaka, kama prosesa yake bado inafaa, mara nyingi haihitaji kutupwa. Ibadilishiwe diski ya kuzunguka iwekewe SSD, iongezwe ramu, na utadhani umenunua mpya. Kwa umeme wetu huu, kompyuta ya mezani isiyo na UPS ni hatari kwa hesabu, kwani umeme unapokatika katikati ya kuhifadhi, faili zima linaweza kuharibika. Laptopu ina betri yake, na kwa duka dogo hiyo peke yake ni sababu ya kuichagua. Mashine isiyokubali Windows 11 inaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure na halali, pamoja na LibreOffice kwa barua na majedwali. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatuletea OpenOffice ya Kiswahili, iliyoitwa Jambo, tangu 2004, kwa hiyo programu huria si jambo geni kwetu. Ila hakikisha kwanza kwamba programu yako ya mauzo na printa yako ya risiti vinakubaliana na Linux. Mara nyingi havikubaliani.

Muuzaji wa programu ya mauzo akija na laptopu yake na tabasamu lake, muulize maswali manne kabla hujatia saini. Intaneti ikikatika, naweza kuendelea kuuza? Mfumo wenu unaongea na mfumo wa kodi wa TRA, au na eTIMS kwa walioko Kenya, au nitaandika kila kitu mara mbili? Nikitaka kuhama mwakani, mtanipa data zangu zote kwa faili la Ekseli, na kwa gharama gani? Kampuni yenu ikifungwa, nitafanyaje? Swali la kwanza si la kinadharia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, miaka saba kamili baada ya WannaCry, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Programu isiyoweza kuuza panadol bila intaneti ilikuwa na wiki ngumu.

Siku ya kuhamia mfumo mpya nayo ina wakati wake. Mwenye stesheneri asihame Januari shule zinapofunguliwa, muuza nguo asihame wiki ya mwisho ya Ramadhani, na asihame mtu yeyote siku ambayo ritani ya VAT inadaiwa. Chagua wiki ya baridi. Tumieni mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa wiki mbili hivi, kila jioni jumla zilinganishwe. Inachosha, najua, hasa kwa mtu wa kaunta anayeingiza kila mauzo mara mbili. Mwongezee nauli. Na yeye ndiye wa kufundishwa kwanza, kabla ya bosi. Bosi atauona mfumo mara moja jioni. Yeye ataushika mchana kutwa, foleni ikimtazama, na akiona unamchelewesha atarudi kwenye daftari kimyakimya.

Jambo la sheria, kwa ufupi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inataka wakusanyaji wa taarifa za watu wajisajili; Kenya ina yake ya 2019. Zahanati yenye majina na maradhi ya watu, famasi yenye rekodi za dawa, shule yenye picha za watoto: haya yanawahusu. Kompyuta unayoiuza au kuigawa ifutwe diski yake vizuri kwanza, au uitoe ubaki nayo.

Sasa turudi kwa fundi wetu wa mtaa. Kikwazo cha kwanza nitakachoambiwa ni kwamba maduka mawili ya vipuri yanayotazamana hayawezi kumtumia fundi mmoja, atabeba bei za huyu ampelekee yule. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake iko kwenye mapatano: nywila kuu inabaki kwa mwenye duka, naye ndiye anayeiandika kwa mkono wake kazi inapoanza; kazi inafanyika dukani, mchana, mwenyewe au msaidizi akiwepo; kompyuta haiendi nyumbani kwa fundi, na ikilazimu kwenda, diski inatolewa kwanza au karatasi inasainiwa. Fundi mzuri atapenda masharti hayo, maana yanamkinga naye asishukiwe.

Kubwa zaidi ni namna ya kumlipa. Tumezoea kulipa kwa tatizo: imeharibika, njoo, shika elfu ishirini. Kwa mtindo huo siku nzuri ya duka ni siku ya njaa kwa fundi, na hatuwezi kumlaumu akifunga jeraha nusu nusu. Mlipeni kwa mwezi, kiasi kilekile, kompyuta zikiwa nzima au mbovu, vipuri vikilipiwa kando kwa risiti. Mtaona anavyobadilika. Atakuwa wa kwanza kukataa flashi ya mteja isichomekwe kwenye kompyuta ya kaunta, na atapuliza vumbi kwenye feni kabla hujamwomba, kwa sababu kila hitilafu sasa inamla muda yeye. Anapopita, aweke masasisho, apime nakala kwa kuifungua, aangalie nafasi iliyobaki kwenye diski, kisha aandike kwenye lile kaunta buku alichofanya na tarehe, asaini. Siku akihama mji, mrithi wake atasoma humo badala ya kubahatisha.

Vifaa navyo tunaweza kuvinunua kwa njia tunayoijua. Upatu wa maduka kumi, kila mwezi duka moja linapata laptopu. Mkikubaliana kununua aina moja, chaja moja inaokoa mwingine, na fundi anajifunza mashine moja badala ya kumi. Wanaovaa sare harusini hawashindwi hili.

Kwako kijana uliyemaliza VETA, DIT au chuo chochote cha kompyuta na bado unatuma maombi ya kazi kwa mashirika makubwa: mtaa wa nyuma una kazi ambayo haijatangazwa. Njoo na karatasi moja ya Kiswahili, si wasifu wa kurasa nne, inayosema utafanya nini kila mwezi, kwa bei gani, na nini hutafanya. Vyuo vinavyotafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo viyaangalie maduka haya, mwanafunzi akisimamiwa na fundi wa mtaa. Na ninyi wa chemba za biashara na jumuiya za wafanyabiashara, mnaweza kutuandikia mkataba wa mfano wa ukurasa mmoja ambao fundi na mama wa famasi wote watauelewa bila mwanasheria. Hilo lingetufaa kuliko semina tatu za hotelini.

Kikao cha kwanza kifanyike jioni baada ya kufunga, kwenye benchi la duka lolote, kisizidi saa moja. Msianze na bei wala jina la fundi. Kila mmoja aje na majibu mawili kwenye kipande cha karatasi: winver inasema nini, na nakala ya mwisho aliyoifungua kwa macho yake ni ya tarehe gani. Someni kwa sauti, duka baada ya duka. Mkimaliza kusoma mtajua fundi aanzie wapi kesho yake asubuhi.